Picha za Mwisho za Pango

Mpigapicha wa mapangoni alichagua kati ya taa mbili zinazowaka zenyewe zikiona mmweko wa kamera. Ile dhaifu, jicho lake la kuona mmweko lilikuwa kwenye waya, unaligeuza utakako. Yeye akachukua yenye nguvu, jicho limegandishwa usoni mwa taa.

Siku ya mwisho kabla pango lililojaa maji halijazibwa, yeye na shemeji yake walizama. Akaifunga taa mgongoni mwa shemeji ili imulike ukuta wa nyuma. Jicho nalo likatazama ukuta, lisiuone mmweko wa kamera hata mara moja.

Walipoibuka, shemeji akachungulia picha, nyeusi tii.

“Shemeji, umenipiga picha au umenizika?”

“Turudi.”

“Na hewa gani? Mitungi mikavu.”

Nyuma yao, lori la zege lilikuwa linarudi kinyumenyume kuelekea mdomo wa pango.