Dubu Asiyetaka Kuku

Katika mgahawa wetu wa bustani ya michezo, jijini Orlando, mtu anayevaa vazi la dubu kuwachekesha watoto huosha mikono kwa sabuni kabla ya kuivika glavu za manyoya, ingawa hakuna atakayeiona. Hupita meza kwa meza akijipapasa kitambi cha sponji, akihema kama mtu aliyepanda ngazi. Kanuni yake ni moja: dubu hasemi.

Jana nilihudumia meza ya Delaney, mtoto wa miaka mitano ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi.

“Kuku ananuka kuku,” alisema.

“Kipande kimoja tu, kipenzi, kwa ajili ya mama,” mama yake alimbembeleza, machozi yakimlengalenga.

Dubu akaketi nao. Akavuta sahani, akainusa, akaisukuma kwa kidole kimoja, akakunja mikono na kugeukia ukutani.

Delaney akamtazama. “Kipande kimoja tu, kipenzi.”

Dubu akatikisa kichwa.

“Haya, niangalie mimi. Aam!” Akala. Dubu akakataa. Delaney akala tena, na tena, na karoti juu, mpaka sahani ikawa nyeupe.

“Mama,” akasema akijifuta mdomo, “huyu tusimlazimishe. Akisikia njaa atakula.”