Kifuniko cha Nne

Fundi Saburi wa Tangini, Kibaha, alikuwa mkali kwa jambo moja: gari lake, Morris kuukuu, halitiwi kipuri kisicho chake. Hata vipuri vilipoadimika nchi nzima, mwaka 1982, alichonga bushi kwa tupa na kukata gasketi za maboksi, lakini cha gari lingine hakukitia. Kitu kimoja tu kilimkera. Vifuniko vya magurudumu vilibaki vitatu. Cha nne kilipotea zamani, na alikitafuta hadi Kisarawe asikipate.

Ijumaa moja alirudi kutoka msikitini na njaa, akaingia jikoni, mahali asipokuwa na desturi ya kuingia. Mkewe, Mboni, alikuwa akipalia wali wa nazi, makaa yamewaka juu ya kifuniko cha sufuria. Saburi akakitambua kile kifuniko kwa ukingo wake.

"Mboni, hicho umekipata wapi?"

"Nilikiokota uani, mwaka tuliooana. Sufuria yangu haikuwa na kifuniko. Nilidhani umeniletea, nikashukuru kimyakimya."

Saburi alifungua mdomo kugomba. Ikamjia harufu ya wali ule, ambao mkewe hakuacha kuupika hata miaka ya kupanga foleni ya mchele, na yeye akausifia kila Ijumaa bila kujua unaivishwa na nini. Akakaa kwenye mbuzi ya nazi.

"Basi leo zamu yangu kushukuru," alisema. "Nipakulie."

Tangu hapo, aliyeuliza mbona gurudumu moja liko wazi alijibiwa, "Kifuniko chake kipo. Kiko kazini."