Kitambaa cha Njano

Tup. Mlango wa gari ulifungika kwa sauti laini, kama kitabu kinene kinachofunikwa taratibu, na muuzaji aliitegemea sauti hiyo kuliko maneno yake yote. Kila mteja alifunguliwa, akaketishwa, akafungiwa, kisha muuzaji akainua kidole. "Umesikia?" Gari lenyewe, la kifahari na la bei kubwa, aliliegesha pua ikitazama ukuta, na kwenye usukani alitundika kitambaa cha njano kana kwamba amekisahau, maana kwenye pua na chini ya kitambaa palikuwa na nembo ileile ya teksi za mjini na pikapu za kubebea nyanya. Miezi minane lilikuwa halijapata mtu. Meneja alishamwambia kwamba lisipouzwa kufikia Ijumaa litarudishwa kiwandani, na yeye atafute kazi kwingine.

Ijumaa saa kumi alikuja mama mmoja mwenye miwani ya dhahabu. Akakaa, akafumba macho, akafungiwa mlango.

"Hapo sasa," akasema. "Rangi nyeusi ipo?"

"Ipo, mama."

Furaha ikampanda muuzaji hadi jasho likamtoka, akapitisha mkono dirishani, akachukua kitambaa kilekile, akajifuta uso. Mama akautazama usukani.

"He, mdogo wangu. Kumbe teksi imevaa suti?"

Akacheka bila ubaya, akashuka, akaenda zake. Muuzaji akaingia kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na joto, akaipangusa nembo polepole, kama anayemnawisha mtoto uso.

"Teksi ndiyo iliyonilea," akasema, kwa sauti ndogo kuliko ya mlango.