Amina ya Kakanda

Mimi simu darasani siziwezi. Nafundisha kemia, mwaka wa sita, hapa Likasi, na kila asubuhi nilikuwa napekua mikoba kama polisi wa barabarani. Simu ikikamatwa, inafungiwa kabatini kwa prefe, mkuu wetu wa shule, hadi likizo. Wenzangu walishaanza kutuma masomo kwa WhatsApp. Mimi na chaki yangu tu.

Kwetu siku inaanza kwa sala. Tunasimama, tunafumba macho. Asubuhi moja niliomba, darasa zima likaitikia, "Amina!" Tukakaa. Viti vilipotulia, sauti nyembamba ya msichana ikatoka chini ya dawati, peke yake: "Amina."

"Damu ya Yesu!" Nilipiga kelele mimi, mwenye lisansi, digrii nzima ya kemia. Nusu ya darasa walikuwa mlangoni tayari. Mmoja wa mstari wa mbele alinyoosha mikono juu, akaanza kunena kwa lugha.

Msichana mmoja tu hakukimbia. Alikuwa ameukumbatia mkoba wake, analia.

"Madame, haiko pepo. Ni mwenzetu."

Akatoa simu ndani ya bitana ya mkoba, ambako sikuwahi kupekua. Ilikuwa hewani. Mwenzao huyo nilimjua: kiti chake kilikuwa kitupu tangu mama yake alipohamia Kakanda kusafisha mawe ya shaba, akaenda naye. Mimi nilishasema ameacha shule. Kumbe ananisikiliza kila asubuhi, kwa kuwa mtihani wa serikali bado anautaka! Mtandao ulichelewesha amina yake, na siku zote kelele za viti ziliifunika.

Nikanyoosha mkono. Kabatini, moja kwa moja! Ndipo simu ikaongea.

"Madame, munisamehe. Kama munasemaka 'angalieni hapa', hapa ni wapi?"

Jamani. Nikageukia ubao wa jana: mishale, mistari, herufi. Somo langu lote lilikuwa kidole. Mtoto wa watu alikuwa ananisikiliza nikisema "hapa" na "hii" na "ile", wiki baada ya wiki, na kalamu mkononi. Nilishikwa na hasira, hata sijui kwa nani.

Simu niliiweka juu ya meza yangu. "Ngoja, mwanangu. Kaboni iko katikati. Kulia kwake oksijeni, wameshikana kwa mistari miwili..." Nilisema hadi koo likakauka. Prefe alipouliza simu ni ya nani, nikajibu ni yangu. Alinitazama kama nimerukwa na akili.

Tangu siku hiyo tunampigia kabla ya sala, na sala ikiisha hatukai. Tunangoja amina ya Kakanda ifike kwanza.

Leo asubuhi tumepiga. Simu imeita, imeita, haikupokelewa. Mtihani uko mlangoni. Tumeomba hivyo hivyo, tukasema amina, tukabaki wima. Mmoja alitaka kukaa, jirani yake akamvuta shati. Sijui tulisimama muda gani. Mimi mwenyewe sikuwa na uso wa kuwaambia kaeni.