Bwana Sasisho na Jicho la Mama

Mtaani walimwita Bwana Sasisho, na jina hilo hakusingiziwa. Alikuwa na studio ndogo ya picha: pazia la bluu la kupigia picha za vitambulisho, meza ya mbele ambapo mkewe alipokea wateja, na nyuma ya kabati kompyuta ya mezani aliyoipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya mkewe. Kazi aliyoijua hasa ilikuwa kufufua picha kuukuu, zile zilizokunjwa, zilizoloa au zilizotafunwa na mende. Hapo huwezi kumgusa. Kasoro yake ilikuwa kwamba kitu kikifanya kazi vizuri, mikono ilimwasha. Kompyuta ikimwambia kuna sasisho, yaani toleo jipya la programu fulani, alikuwa ameshalibonyeza kabla hajamaliza kusoma ni la nini.

"Mume wangu hatengenezi kitu," mkewe aliwaambia wateja, "mpaka akiharibu kwanza, ili apate pa kuanzia."

Yeye hakukasirika. Alikuwa mtu wa kujicheka mwenyewe mapema, ili wengine wakija wakute chakula kimeshaliwa. Ndiye aliyeeneza habari kwamba redio ya nyumbani ilikuwa ikishika stesheni zote, akaifungua aipanguse vumbi, na tangu siku hiyo inashika moja tu, tena ya matangazo ya vifo. "Lakini inasikika safi sana," alikuwa akimalizia.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo halikumchekesha, nalo ni macho ya mama yake. Mama aliishi mji mwingine, kwa binti yake, dada mdogo wa Bwana Sasisho, na mtoto wa jicho alikuwa amemfunika pande zote mbili. Watu aliwajua kwa sauti, ngazi alizijua kwa mguu. Upasuaji aliukataa. "Ya kuona nimeyaona," alisema, "mengine hata hayakuwa na faida." Bwana Sasisho alibembeleza, akanuna, akatuma watu wazima waende kumsemesha, akabembeleza tena. Mwishowe mama akachoka.

"Nawapa jicho moja mjaribu," akasema. "Ile picha ya mama yangu uliyonichukulia, nikiiona kwa jicho hilo, nitawapa na la pili. Nisipoiona, tusisumbuane tena. Mniache na giza langu, nimeshalizoea."

Picha yenyewe ilikuwa ya pekee. Bibi huyo hakuwahi kupigwa nyingine maishani mwake, na hiyo moja ilikuwa imekunjwa mara nne na kufifia hadi uso kubaki kivuli. Bwana Sasisho aliishughulikia kama mtu anayechambua mchele wa wageni. Akaunga mikunjo, akafuta mikwaruzo, akang'arisha macho, akakirudishia kitambaa cha kichwani maua yake madogo, moja baada ya jingine.

Upasuaji ukafanyika, bandeji ikatolewa. Daktari akasema ukungu utaondoka taratibu. Kwanza ataona vivuli na rangi, kisha sura, kisha picha na maandishi. Ikapangwa kwamba Jumapili Bwana Sasisho apige simu ya mtandaoni kwa kompyuta ya studio, aonyeshe skrini yake, na mama aiangalie picha kwenye simu ya dada huku mwanawe akimweleza. Jumamosi wakafanya majaribio na dada. Kila kitu kikaenda kama maji mteremkoni.

Mtu mwenye busara angeishia hapo.

Jumapili asubuhi Bwana Sasisho akaketi, akaitembeza picha juu na chini, na akaona kwamba ikipita haraka inakatika kidogo katikati, mara moja tu, kufumba na kufumbua. Hata mwenye macho mazima angelazimika kuitafuta kasoro hiyo. Yeye akataka mama yake, mwenye jicho moja la juzi, asije akaiona. Na pale pembeni, kama shetani anayejua saa ya kubisha hodi, kulikuwa na sasisho la draiva.

"Jana si ilifanya kazi?" mkewe akauliza kutoka mezani.

"Naboresha tu."

"Haya," akasema mkewe, akaendelea kukata picha za pasipoti.

Alipenda kueleza kwamba ndani ya kompyuta mna watumishi wawili. Wa kwanza ni draiva, mkalimani anayezungumza na kadi ya picha, kile kifaa kinachochora. Wa pili ni seva ya onyesho, msimamizi anayepokea madirisha ya programu zote na kuyapanga kwenye skrini. Wawili hawa wakinuniana, skrini inakuwa nyeusi hata kama kompyuta yenyewe ni nzima. Akasasisha draiva, akazima, akawasha. Feni ikazunguka, taa ikawaka, na skrini ikawa nyeusi.

Akaingia chini ya meza, akachomoa waya wa skrini, akauchomeka tena. Nyeusi. Akauhamishia tundu jingine, skrini ikamwandikia kwamba haijaunganishwa na kitu chochote. Akajigonga kichwa kwenye meza akitoka, akakumbuka kwamba tundu hilo si la kadi, akarudi chini, akajigonga tena palepale.

"Unaboresha bado?" mkewe akauliza.

Akarudi kwenye stuli. Akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, njia ya kuingia kwa mlango wa nyuma, na herufi nyeupe zikajitokeza gizani. Kumbe mgonjwa alikuwa anapumua. Akaiondoa draiva mpya, akairudisha ya zamani, akawasha upya. Nyeusi. Akafungua kumbukumbu za makosa, akasoma huku ananong'ona kama anayesoma dua, mpaka alipofikia mstari ambapo seva ya onyesho ilisema haikuona skrini hata moja.

"Skrini hii hapa!" akaipigia kelele. "Kubwa kama mlango wa kabati! Unataka nikushike mkono nikupeleke?"

Mteja aliyekuwa amekaa mbele ya pazia la bluu akashtuka, picha yake ikatoka macho yamemtoka. Ikabidi mkewe ampige nyingine.

Bwana Sasisho akachukua simu yake, akatafuta kwenye mabaraza ya mafundi, akamkuta mtu wa nchi asiyoijua mwenye ugonjwa uleule, na chini yake mwingine aliyemjibu kwa mkato: achana na seva ya zamani, tumia mpya. Ilikuwemo tayari, hakuwahi kuigusa. Hilo peke yake lingemshangaza mkewe. Akaandika amri ya kuwasha kompyuta kwa seva mpya, akafumba macho, akabonyeza. Alipoyafumbua, bibi yake alikuwa amejaa skrini nzima, anang'aa. Akamtembeza juu, akamtembeza chini. Hakukatika popote.

Hapo akacheza. Alicheza kati ya kabati na stuli, mtu mzima mwenye kitambi, na mkewe akageukia dirishani ili mteja asidhani anamjua.

Saa ya miadi ikafika, akapiga. Kompyuta ya studio haikuwa na kamera. Ndiyo, studio ya picha, kompyuta haina kamera. Hilo nalo alipenda kulicheka. Dada akampa mama simu mkononi, akatoka kwenda kuanika nguo, awaachie nafasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Nakuonyesha sasa. Umeiona?"

Simu ikasikika ikikwaruza, kama inayogeuzwageuzwa mkononi.

"Nimeiona, baba."

"Alhamdu... jamani! Unakiona kitambaa cha kichwani? Maua yale yalikuwa yamefutika yote, nimeyarudisha mimi."

"Nayaona. Maua mazuri."

"Na macho je? Nimeyang'arisha."

"Yanang'aa kabisa. Umefanya kazi kubwa mwanangu. Mungu akuzidishie."

Naye akaendelea. Akaeleza shavu, akaeleza kivuli cha kidevu, akaeleza jinsi wengine wangeifanya na wangekosea wapi. Mama akaitikia kila kitu. Alipokata simu alikuwa anaelea.

"Mbona kama sauti ya mama imepoa?" mkewe akasema.

"Hiyo ni furaha. Furaha ya wazee haina kelele."

Hakuwa amekaa sawasawa simu ikaita. Alikuwa dada.

"Kaka, mama kajifunika shuka, kaelekea ukutani. Analia."

"Kwa furaha?"

"Furaha gani? Anasema haoni. Mimi ananiona kama kivuli, dirisha analiona, lakini picha anasema ni weusi mtupu, kama kitako cha sufuria. Kaniapisha nisikuambie. Na la pili hataki kulisikia tena."

"Mbona kaniambia anaona? Mpaka maua kayasifia!"

"Ulitaka aseme nini, kaka? Wewe ndiye uliyembembeleza. Anasema ukijua utajilaumu mpaka siku yako ya mwisho."

Bwana Sasisho akashika tama. Hakupata cha kucheka, na kwake hilo lilikuwa jambo geni. Alimwona mama yake ameshika simu kwa mikono miwili, anatazama giza, na kulisifia giza hilo maua kwa sababu mtoto wake ameuliza. Naye mtoto, badala ya kusikiliza, alikuwa anaeleza kivuli cha kidevu.

"Na mimi ndiyo nimechelewa kurudi ndani," dada akaendelea. "Nilipoingia nikaona simu nyeusi, nikajua umeshakata. Kumbe bado unaongea tu."

Akainuka ghafla hata stuli ikaanguka. "Rudia."

"Rudia nini?"

"Wewe! Macho yako wewe! Uliona nini kwenye simu?"

"Nyeusi. Nimekwambia, nilidhani umekata."

Hakuaga. Alimpigia mkewe kwa kompyuta, mkewe aliyekuwa hatua chache mbele yake, akaonyesha skrini.

"Unaona nini?"

"Nyeusi."

"Nyeusi vipi?"

"Kwani ziko ngapi?"

Ndipo akaelewa. Seva ile ya zamani ilikuwa kama nyumba isiyo na geti, programu yoyote ingeweza kuchungulia skrini na kupeleka habari nje. Hii mpya ina mlinzi. Programu inayotaka kuonyesha skrini sharti ibishe hodi kwa utaratibu wake, na programu yake ya simu, ya siku nyingi, haikuwa imefundishwa hodi hiyo. Basi mlinzi, kwa adabu zote, aliikabidhi karatasi nyeusi. Huku studio bibi anang'aa, na huko kwa mama usiku.

Akacheka mpaka akakaa sakafuni, na machozi yakamtoka ambayo si yote yalikuwa ya kucheka. "Jicho zima!" akasema. "Jicho la mama ni zima! Kipofu ni seva!"

"Kipofu ni wewe," mkewe akasema. "Halafu, baba watoto, nikuulize kitu. Kwa nini hukumtumia dada yako picha yenyewe tu? Kama tunavyowatumia wateja kila siku?"

Bwana Sasisho akajipiga paji la uso.

Akaituma picha. Akapiga simu ya kawaida, akamwomba dada amkalishe mama kitako.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Ulichokiona cheusi kilikuwa cheusi kweli. Hata dada kaona nyeusi, na mkwe wako kaona nyeusi. Mwenye macho hapo ulikuwa wewe, ila mimi ndiye niliyeharibu mashine asubuhi hii kwa mikono yangu."

"Kwa hiyo yale maua..."

"Hayakuwepo, mama."

"Nami nimekudanganya."

"Na mimi nimejidanganya zaidi. Tazama tena."

Akasikia kitanda kinalia, dada akisema "hivi, isogeze karibu na dirisha." Bwana Sasisho alijua kwamba sasa hakuna seva ya kusingizia. Mkewe alikuwa ameacha mkasi, amesimama nyuma yake na mkono begani mwake.

"Huyu ni nani?" mama akauliza.

"Ni bibi, mama. Ni mama yako."

"Usinifanye mtoto. Mama yangu alikuwa na kovu hapa, limekata nyusi ya kulia. Aliangukia jiwe la kusagia akiwa msichana. Kovu liko wapi?"

Bwana Sasisho akageukia picha ya kwanza, ile iliyokunjamana. Ulikuwepo, mstari mwembamba juu ya jicho. Aliuona tangu siku ya kwanza. Alidhani ni mkwaruzo, akaufuta, na bado anakumbuka alivyojipongeza.

"Mama," akasema, "umeliona?"

"Nimeona halipo! Mtu umemfuta kovu lake kama doa la mchuzi. Lirudishe. Na huyo daktari mwambieni nakuja na jicho la pili, maana kama kwa moja nimeona hivi, sijui umeharibu nini kingine."

Hakuwahi kukaripiwa akafurahi hivyo. Akaketi, akalirudisha kovu, akatuma. Mama akasema limekaa juu mno. Akalishusha, akatuma. Mama akasema sasa ni jembamba, lile lilikuwa kovu la jiwe, si la wembe. Akalinenepesha, akatuma tena, wakangoja, yeye na mkewe, vichwa vimegusana juu ya simu.

Mara hii mama hakukosoa kitu. Walimsikia anavuta pumzi, kisha akasema taratibu, kwa sauti ya mtoto wa kike ambayo Bwana Sasisho hakuwahi kuisikia kwake:

"Shikamoo, mama."