Ramani ya Kwenda Kwaya

Mume wangu aliacha kuimba kwaya kwa sababu yangu. Hakusema hivyo, lakini nimeishi naye miaka mingi na namjua. Presha ya macho ilikuwa imemaliza jicho moja, na la pili likabaki kuona mwanga tu. Basi kila Jumamosi alasiri nilimshika mkono, tukatoka kwenye ploti yetu hapa Kariobangi, tukapita karakana za jua kali hadi kanisani. Nilimkalisha kwenye safu ya besi, kisha nikamsubiri nje mpaka mazoezi yaishe. Siku moja mwenzake akamtania, "Leo umeletwa shule?" Watu wakacheka, naye akacheka. Jumamosi iliyofuata akasema kifua kinamsumbua. Iliyofuata ikawa goti.

Mtu huyu alikuwa fundi wa reli, na sauti yake ya besi ilijulikana tangu tukiwa vijana kwetu magharibi. Sasa alikaa ukingoni mwa kitanda tangu asubuhi, chai ikipoa mkononi, na ukimwuliza anawaza nini anakwambia hakuna. Niliogopa. Nimeona wanaume wakistaafu, wakakaa hivyo hivyo, na kabla ya mwaka kwisha tukawasafirisha kwenda kuzikwa. Nilipombembeleza arudi kwaya alinijibu neno moja tu: "Nitarudi siku nitakayoweza kwenda mwenyewe."

Binti yetu wa kwanza anaishi mtaa wa Fedha na anafanya kazi ofisini. Nilipomweleza, akasema siku hizi simu inaweza kumwongoza mtu asiyeona kwa sauti, hatua kwa hatua, shida ni kuchagua programu ya ramani inayofaa. Akatuletea simu yenye sauti ya nguvu, ameshaweka programu tatu. "Zijaribuni, mama," akasema. "Ile baba atakayoipenda ndiyo tutabaki nayo."

Ya kwanza ndiyo ile inayotumiwa na kila mwenye gari. Ilikuwa na sauti ya mwanamke, Kiingereza kimenyooka, na kwa sauti hiyo tamu alimwambia mume wangu apinde kulia kwenye barabara isiyo na jina, kisha kushoto kwenye barabara nyingine isiyo na jina. Mtaani kwetu kila njia ina jina. Kuna njia ya maji, kuna kona ya kinyozi, kuna pale gari la takataka lilipokwama. Ni mwanamke yule wa simu tu ambaye hakuambiwa. Tulipofika penye njia tatu mume wangu akasimama. "Anasema nini huyu mama?"

"Anasema hajui," nikamjibu.

Ya pili ilitengenezewa madereva, na haikukubali kabisa kwamba binadamu ana miguu. Mume wangu akisimama kusalimiana na mtu, yenyewe inatangaza msongamano. Mara ikatutuma mpaka barabara kuu tukageuzie huko ndipo turudi tulikotoka. "Iambie sina magurudumu," akasema mzee, na hiyo ikafutwa siku iyo hiyo.

Ya tatu haikuwa na sura. Rangi zake zilikuwa za kijivu, vitufe vimerundikana, ungedhani imetengenezwa na mtu aliyekosana na wenzake. Lakini ilifanya kazi hata bando la intaneti likiisha. Ilizungumza Kiswahili, ingawa cha mtu aliyejifunza kitabuni. Juu ya yote, ilikuruhusu kuweka alama zako mwenyewe: unasimama mahali, unabonyeza, unalitaja jina kwa mdomo wako, na siku nyingine ukipakaribia simu inatetemeka na kukurudishia jina ulilolitaja. Nikasema hiyo ndiyo yetu. Mzee akasema hapana, yeye anaitaka ya kwanza, maana sauti yake ni nzuri.

Hapo nikawaka. "Wewe unataka kufika, au unataka mwanamke wa kuzungumza naye?"

Alicheka mpaka akajifuta machozi. Tukabaki na ya kijivu.

Tulizunguka pamoja kuweka alama, na huko pia tuligombana. Aliupa jina mtaro, akampa kinyozi, akapatia jina pale mafundi wanapogonga sufuria mchana kutwa. Kisha akataka tuweke mama wa chapati. Nikakataa. Mama yule hufukuzwa na askari wa kaunti leo, kesho utamkuta upande wa pili wa barabara na jiko lake. Utamwekaje mtu kama huyo kwenye ramani? Yeye akang'ang'ania kwamba harufu yake ndiyo hasa humwonyesha njia. Mwishowe tukaweka ukuta wa posho mill, pale tunaposagisha unga, kwa sababu ukuta hauna pa kukimbilia.

Alama ya mwisho ilikuwa kanisa lenyewe. Kufika hapo mzee alikuwa amechoka, kwa hiyo kesho yake asubuhi nilienda peke yangu. Geti lilikuwa limefungwa na jua lilikuwa limekiwakia kioo cha simu, sioni kitu. Nikasogea kwenye kivuli kidogo, nikabonyeza, nikatamka: "Kanisani. Umefika." Sasa, anayeijua Kariobangi anajua makanisa yetu yalivyo. Yamepangana bati kwa bati kwenye ukuta mmoja, ngoma za huku zikipigwa unaweza kuzichezea kule. Mpaka leo sijui kama kosa lilikuwa la simu au la kivuli.

Jumamosi ilipofika alivaa shati lake la bluu, simu mfukoni, waya wa sikio mmoja umening'inia, fimbo mkononi. Akaniapisha kwamba sitamfuata. Nikaapa, shingo upande. Nikawasikia pale getini vijana wa bodaboda wakimpokea.

"Niaje mbuyu! Unaenda wapi? Panda tukupeleke, hatutaki kitu."

"Naenda kazini."

"Kazi gani leo, buda?"

"Ya kuimba," akasema, na fimbo yake ikaendelea kugonga chini.

Nilichagua mchele. Nikamaliza, nikauchagua tena, na haukuwa na mawe hata mwanzo. Hatimaye nikashindwa, nikampigia mwalimu wa kwaya yetu kumwuliza kama mzee amefika salama. "Mzee gani, mama?" akasema. "Sisi hatujamwona."

Nikampigia binti yetu, ambaye kwenye simu yake angeweza kuona ya babake iko wapi. "Mbona iko kanisani, mama," akasema. "Imetulia hapo muda mrefu." Nikamwambia kanisani hayupo, mwalimu amesema hayupo. Nikajua anawaza ninachowaza: kwamba simu imefika mikononi mwa mtu mwingine, na mwenyewe amelala kwenye mtaro mahali fulani. Nilitoka mbio na malapa ya bafuni. Kiapo kilibaki nyumbani pamoja na mchele.

Nilipoingia kanisani kwetu walikuwa katikati ya wimbo. Safu ya besi ilikuwa na kiti kimoja kitupu, na mwalimu akanitikisia kichwa kwa huruma. Kisha wimbo ukafika mwisho, pakawa kimya, na kupitia kwenye bati la ukuta nikaisikia. Ile sauti ningeitambua hata ikitoka chini ya ardhi. Ilikuwa ikiimba kwa jirani.

Nikazunguka hadi geti la pili, nikachungulia. Mume wangu alikuwa amesimama safu ya nyuma katikati ya vijana waliovaa fulana, uso ameuinua juu. Wimbo sikuujua, naye pia hakuujua, kwa sababu alikuwa akiingia amechelewa kidogo kila ubeti na kuukimbilia. Nilitaka kuingia nimshike mkono nimpeleke kanisani kwetu, mlango wa pili tu. Hata mguu niliuinua. Lakini nilikuwa sijauona uso ule tangu macho yalipomharibika, na nilihisi nikiingia utazimika. Nikageuka nikarudi. Nililia njia nzima, mpaka mama wa chapati akaniuliza ni nani amefariki.

Alifika nyumbani peke yake, amechafuka viatu, anahema. Nikamwuliza habari za kwaya, najifanya sijui lolote. Akajitupa kwenye kiti akacheka.

"Nimefika pasipo kwetu, mama watoto! Nimekaa kumbe niko kwa watu. Nikasikia, 'Mgeni asimame atusalimu,' ndipo nikashtuka. Nikasema Bwana asifiwe, ningefanya nini? Wakaniuliza kama naimba. Wana besi mbili tu, vijana, wanalia kama mbuzi waliofungwa kambani."

"Pole, baba. Lete hiyo simu niisogeze ile alama."

Akaufunika mfuko kwa kiganja. "Usiiguse."

"Kwani umehama kanisa?"

Hakucheka tena. "Pale kwetu wote wananikumbuka nikiona," akasema. "Nikikohoa wanakimbia kuleta kiti. Nikikosea wimbo wananiacha nikosee, eti maskini. Wale hawana cha kukumbuka. Mwalimu wao, msichana mdogo, amenisimamisha mbele ya watu akaniambia, 'Mzee, unachelewa kuingia, rudia.' Nikarudia. Akasema bado. Leo nimegombezwa, mama. Unajua ni lini mtu alinigombeza?"

"Mimi nakugombeza kila siku!"

"Wewe uliacha. Tangu macho yaharibike wewe ni pole tu, pole baba, pole. Isipokuwa ile siku ya mwanamke wa simu." Akanitafuta kwa mkono, akanipata begani. "Siku hiyo nilifurahi sana."

Nilitaka kumwambia pole, nikaimeza. Niliumia kwamba mahali panapomponya ni mahali nisipokuwepo, na nilijua kwamba ana haki.

Alama haikusogezwa. Jumapili alitangulia yeye, nami nikaondoka nilipohesabu kwamba ameshavuka posho mill. Kanisani kwetu walinizunguka mlangoni. Mzee yuko wapi? Amezidiwa? Nikawaambia yuko hapo kwa jirani, mzima kabisa, na wakatazamana. Nikaenda kukaa mahali petu. Wimbo wa kwanza ulipopamba moto kanisa zima likainuka na makofi yakaanza. Mimi kwa muda mrefu nilizoea kupiga mkono mmoja kwenye paja, kwa sababu mwingine ulikuwa umemshika yeye. Siku hiyo nilisimama na mikono yangu yote miwili, na sikujua niifanyie nini.