Buti za Hamisi

Harufu ya mshumaa ulioyeyuka juu ya turubai hunipandisha hasira hadi leo. Msinicheke. Mimi nikiinusa namwona mama yangu akisugua nta kwenye koti la kaka yangu, kisha akipitisha pasi ya mkaa juu yake ili nta izame kwenye nyuzi na mvua ikose pa kupenya. Anakohoa moshi na kunikaripia, "Mwanaisha, funga hilo dirisha, watu wananusa!"

Tulikuwa tukikaa Kalerwe, mjini Kampala, miaka ile wanajeshi walipokuwa wametukalia shingoni. Mwalimu wa jiografia wa kaka yangu Hamisi alichukuliwa darasani mchana kweupe, na mtu mmoja akaja kumnong'oneza Mama kwamba jina la Hamisi nalo limo kwenye orodha yao. Ikabidi atoroke. Angejifanya anakwenda na wanafunzi wenzake kupanda milima ya Ruwenzori, kumbe avuke kwa miguu aingie Zaire. Barua ya shule ilikuwa ya kughushi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, na Mama aliniambia yote kwa kuogopa nisije nikaropoka bila kujua.

Sasa, mavazi. Babu zetu waliuza nguo tangu walipofika Kampala kutoka pwani, na Mama hakuweza kununua hata leso bila kuipima. Madukani rafu zilikuwa tupu, chochote kilipatikana kwa magendo, lakini yeye alizunguka siku nne akichagua kama bibi harusi! Alivuta kila mshono. Aliinua kitambaa juani aone nyuzi zimekaribiana vipi, akalowesha pembe kwa mate na kuisugua kama rangi itatoka. Suruali ya jinzi niliyoipenda mimi aliirudisha. "Hii ikilowa leo, haikauki hadi Ijumaa. Mtu atakufa kwa baridi huku kapendeza." Akachukua ya sufu, mbaya kama gunia, kwa sababu sufu hata ikilowa inatia joto.

Viatu ndivyo vilivyotuponza. Mchuuzi mmoja Mkongo, jirani yetu, alituonyesha raba za turubai ambazo kila kijana mjini alivaa. Mama akaikunja moja, soli ikaachama.

"Mama Hamisi, chukua tu. Si ni za siku mbili tatu?"

"Mwanangu hana miguu ya siku mbili tatu," Mama akajibu.

Akavua bangili zake za arusi akazibadilisha kwa buti za ngozi zilizoshonwa kwa uzi, si kwa gundi, zenye soli nene ya meno. Akazijaza maji, akangoja, akapapasa chini. Kukavu. Sikumwona tena akifurahi vile. Alizipaka samli na kumlazimisha Hamisi ashinde nazo ndani wiki nzima, na soksi mbili, mpaka zilegee mguuni.

Hatukufikiri hata kidogo, sisi watu wa bidhaa nzuri, kwamba mji mzima ulikuwa umechakaa. Kijana mwenye buti nzima alionekana toka mbali.

Asubuhi ya safari tulimsindikiza kwa miguu hadi kwenye basi. Karibu na Mulago tukakuta kizuizi. Askari hakumtazama Hamisi usoni, alitazama chini.

"Wewe! Hii viatu ulitoa wapi?"

Kiswahili, lugha niliyobembelezwa nayo, kilitoka kinywani mwake kama tusi.

"Nilinunuliwa, afande."

"Toa!"

Hamisi akavua. Yule mshenzi akakaa kwenye gunia la mchanga, akazivaa, akapiga hatua mbili tatu, akawaita wenzake waje waone. "Nenda! Ngoja nini?" Tulipofika mbele kidogo Mama akavua ndara zake za matairi akampa mwanawe. Hamisi akapanda basi na ndara za mama yake, visigino vinaning'inia nje.

Njiani kurudi nilipasuka. "Ungemnunulia raba mbovu kama wenzake, asingevuliwa! Wewe na ujuaji wako!" Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alikuwa akitembea peku kwenye kokoto, nami nilikasirika zaidi.

Tangu siku ile Mama hakuvuta tena mshono wala kuinua kitambaa juani. Alichopewa alichukua. Yeye, binti wa wauza nguo, alivaa magauni yanayochanika wiki ya pili, na mimi nikaona sawa tu, amekoma.

Hamisi alirudi Mama akiwa na miaka sita kaburini. Vidole vitatu vya mguu wa kushoto alivipoteza kwa baridi ya mlimani. Nilimweleza maneno niliyomwambia Mama, naye akanikodolea macho.

"Kwani wewe hukuona? Yule askari alikuwa na orodha ya majina mkononi. Akaiweka chini ili afunge kamba za buti. Jina langu hakuliuliza."

Mngedhani nilimshukuru Mungu. Nilimfokea kaka yangu hadi majirani wakaja. Kwa nini hukuandika? Akasema barua zilikuwa zikifunguliwa, angetuua sote. Najua ni kweli, na bado sijapoa. Nina hasira na yule askari, na wakubwa wake, na zaidi na kale katoto ka miaka kumi na moja kalikojiona kana akili. Mama alichagua vizuri kuliko siku zote za maisha yake. Akafa akiamini alikosea, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia.